Askofu wa Miiba

Februari tatu, kigangoni Kayenze,
tunapanga foleni na makoo yetu.
Mwenye tezi, mwenye kikohozi cha moshi wa samaki,
mwimbaji wa sauti ya tatu iliyopasuka Krismasi,
na bibi yangu Nkwimba, asiyebatizwa,
asiyejua Ishara ya Msalaba huanzia bega gani,
ila kila mwaka, siku hii moja, hufika wa kwanza.

"Mengine yenu siyajui," alisema.
"Lakini huyu anajua samaki."

Katekista Lugata alitusimulia:
Blasi alikuwa tabibu kabla hajawa askofu,
huko Sebaste, Armenia, mji wa baridi.
Liwali alipoanza kuwasaka Wakristo
akajificha pangoni, na wanyama wenye vidonda
wakawa wanamjia, wanasubiri amalize sala
ndipo wanyooshe mguu.
Siku ya kukamatwa, yuko njiani na kamba mikononi,
mama mmoja akamlaza mtoto mbele yake,
midomo ya zambarau, mwiba wa samaki umesimama kooni.
Askofu akaomba. Mwiba ukatoka.
Askari wakangoja, kisha wakaendelea kumvuta.

Nilipapenda hapo. Wakangoja.

Halafu machanuo ya chuma, ya kuchania sufu ya kondoo:
ndiyo waliyomchania mwili.
Sisi tulilijua chanuo la Jumamosi,
kichwa kati ya magoti ya bibi,
mafuta ya mgando, machozi.
Tukashika vichwa vyetu.

"Wakamtupa ziwani," akasema Lugata.
"Ziwa hili?" akauliza Shigela.
Lugata akatazama dirishani. Magugu maji
yalikuwa yameziba njia ya mitumbwi.
"Ziwa ni ziwa," akajibu.
Na Blasi akasimama juu ya maji kama juu ya jamvi,
akawaita: njooni na miungu yenu.
Wakaja. Hakurudi hata mmoja.
Mwisho ukawa upanga.
Shingo, basi. Hata kwake, mambo yaliishia kooni.

Nyumbani tulikula mapanki.
Minofu ilitoka kiwandani, ikapanda ndege;
sisi tukanunua kilichobaki, kichwa na mkia,
na katikati uti wa mgongo,
sangara aliyekuwa mwiba mtupu.
Ulipokukwama, bibi alifinyanga tonge kavu:
"Meza, usitafune."
Tonge likishindwa, ndipo alipomtaja Blasi,
kwa ukali, kama anayemkumbusha deni.

Mwaka alioumwa hapakuwa na mwiba.
Bugando, daktari alichora koo kwenye karatasi,
akaweka nukta, akaizungushia duara.
Bibi akaitazama sana.
"Hii haishuki kwa tonge," akasema,
sauti yake karatasi inayokunjwa.

Februari tatu ikamkuta wodini.
Padri alikuwa na wagonjwa wengi, hakutufikia.
Nikashuka kilima, nikanunua mishumaa miwili,
ile ya umeme ukikatika,
nikaifunga kwa utepe mwekundu wa boksi la keki.
Muuguzi akaniona: "Hapa kuna oksijeni, dada. Usiwashe."

Sikuwasha.
Niliikutanisha chini ya kidevu chake,
msalaba wa nta baridi,
na maneno niliyoyasikia miaka ishirini yakanikimbia.
Nikabaki na askofu na mfiadini,
askofu na mfiadini,
mpaka yeye akanisahihisha kwa midomo, bila sauti:
Na ugonjwa wa koo. Sema na hilo.

Asiyebatizwa. Alikuwa ameyakariri yote.

Alifariki wiki ya pili ya Kwaresima.
Sikumlaumu Blasi. Naye hakuliokoa koo lake.

Leo nachambua sato kwa ajili ya mwanangu,
naiweka miiba ukingoni mwa sahani,
naye anaihesabu, anapotea, anaanza upya.
Anauliza mbona nikifanya hivi sisemi.
Subiri, namwambia.
Nimalize upande huu.