Uthibitisho

Ufa wenyewe mwembamba kama unywele,
pale penye mhimili wa pedali, chini ya rangi ya kijani.
Niliusikia kabla sijauona:
kwi, kwi, kila nikikwea Mtaa wa Blake
kutoka zamu ya usiku, Sheffield bado imejifunika shuka.

Kampuni ikauliza: namba ya fremu? Risiti?
Mwendeshaji ana kilo ngapi?
Nikajibu: sabini na mbili, ukitoa viazi.
Wakasema ni uchakavu wa kawaida.
Nikasema dhamana yenu imeandikwa "maisha yote".
Maisha ya nani? Ya chuma, yangu,
au ya hiyo karatasi?

Wiki sita. Barua kumi na moja.
Ndipo Gaynor, wa huduma kwa wateja,
akaandika: tumekubali, fremu mpya inakuja.
Ila kwanza ikate ya zamani vipande viwili,
utupigie picha, iwe uthibitisho.

Niliomba haki, nikapewa msumeno.
Wa kuazima, hata hivyo: wa Bwana Ollerenshaw, jirani,
aliyeishika miguu ya nyuma
kama mbuzi anayelazwa kibla.
Nusura niseme bismillahi.

Ilipokatika ikamwaga maji ya kutu,
kikombe kizima hivi, juu ya kiatu changu:
mvua za miaka minne
nilizodhani nimezipita.

Bwana Ollerenshaw akasema, "Kumbe ilikuwa ikinywa."

Picha nimetuma.
Maji hayakuonekana.