Dodoso

Kijana amefika na kishikwambi chenye ufa pembeni,
na viatu vyeupe vitakavyojuta kabla ya saa sita
katika tope la Mukuru kwa Reuben.
Anaitwa Mutembei. Jina la mtu wa kutembea,
lakini cha kwanza ameulizia kiti.

"Kwa kipimo cha moja hadi tano," anasoma,
"unaridhika kiasi gani na mazingira yako ya kazi?"

Mazingira yangu ya kazi.
Nyuma yake mtaro unapitisha povu la sabuni ya mtu,
mabati yameanza kulia kwa jua,
na Mama Kerubo ananipungia mkono mlangoni mwake
maana mjukuu hajanyonya tangu usiku.

Tatu, nasema. Andika tatu.

"Umewahi kuhisi uchovu kupita kiasi?"

Ndugu yangu, uchovu una majina.
Uko wa miguu, huo ni karai la maji ya chumvi, umekwisha.
Uko wa posho: mwezi wa nne sasa
simu ikilia naikimbilia,
kumbe ni wa mkopo, ananiita kwa majina yangu yote matatu.
Na uko wa Jumanne ile kwa Syombua,
nilipoinua godoro kutafuta kadi ya kliniki
nikavikuta vidonge vya kifua vya mwezi mzima
vimepangwa vizuri, kama pesa za kodi.
Sikugomba.
Sikuwa na nguvu za kugomba.

"Kaya ngapi mwezi uliopita?"

Mia moja na saba.
Kidole chake kinafurahi, hiyo ina kisanduku.
Ile siku niliyorudi kwa Syombua bila mkoba
tukachambua maharagwe hadi giza, dawa hatukuitaja,
kesho yake akameza mbele ya macho yangu,
hiyo naona anaitafutia mahali, juu, chini,
halafu anaiacha.

"Je, unapata msaada wa kihisia kazini?"

Alhamisi, nyuma ya zahanati,
mimi na Nyanchoka hufungiana kipimo cha presha
tukanong'onezana namba kama wasengenyaji.
Mia hamsini na nane kwa mia na mbili.
Usimwambie msimamizi, namsihi, atanipunguzia nyumba.
Na nyumba zangu, hata moja, sitoi.

Nne. Hapo andika nne.

Anageuka, anakohoa ndani ya kiwiko.
Vizuri, amefundishwa.
Lakini ni mara ya tatu tangu tuketi.

Wiki ngapi?
"Swali lipi hilo?"
Kikohozi hicho. Wiki ngapi?
Anacheka. Mimi sicheki.
"Tatu. Labda nne."
Jasho la usiku?
Ananyamaza. Mshipi wake una tundu jipya
lililotobolewa kwa msumari. Nililiona alipoketi.

Nafungua mkoba, natoa kikopo.
Cha asubuhi, kabla ya chai.
Kitoke kifuani, nisikute mate.
Kishikwambi kimejizima magotini pake
na swali la kumi na tisa ndani yake.
Andika jina, namwambia,
naye ananyoosha mkono kuomba kalamu yangu.

Kule mlangoni Mama Kerubo ameshusha mkono.
Sasa ananiita.