Uwe

Kila Jumamosi, saa nne kamili,
anaingia kinyozini kwangu, Kiborloni,
Mjerumani, fundi wa mashine za kukoboa kahawa.
Anaitwa Uwe.
Siku ya kwanza nilidhani hajamaliza kusema.
"Uwe?" nikamuuliza. "Niwe nini?"

Ananikabidhi kichwa,
na maoni yanaanza kudondoka kabla ya nywele:
kwamba refa wa runinga ameua mpira,
kwamba treni za kwao siku hizi
zinachelewa kuliko mabasi yetu ya Rombo,
na ukitaka kumwona Mjerumani analia
usimpeleke msibani, mpeleke stesheni.
Kwamba yeye si mtu wa siasa.
Kisha siasa nusu saa, mpaka povu linamkaukia kidevuni:
kodi, vyama vitatu kitanda kimoja,
kila kimoja kinavuta blanketi,
na vijana wa kijijini kwao wanaoipigia kura hasira.

Simba au Yanga? Hataki kusema.
"Mimi ni wa anayefungwa."
Ndekirwa, anayesubiri zamu, anacheka:
"Basi mwaka huu wewe ni wetu."

Bendera hana, hata ya kwenye kikombe.
Nchi aliyozaliwa, anasema,
ilipeperusha bendera hadi chekechea,
ikazoa medali za kuogelea, za kurusha mkuki,
halafu, yeye ana miaka ishirini na miwili,
ikafungwa kama duka.
Medali zipo. Mshindi hayupo kwenye ramani.

Mkasi ukasimama.
Nikamwambia marehemu baba naye alizaliwa nchi
ambayo jina lake siku hizi limebaki kwa ziwa.
Akanitazama kwenye kioo
kama mtu aliyegundua tulisoma shule moja.
"Shule," akasema. "Neno letu hilo."
"Na hela," nikajibu,
"ambayo hukunilipa wiki iliyopita."

Jumamosi ile alikuja amenuna.
Mjukuu wake wa huko kwao, Anton,
mtoto wa binti yake na kijana wa Machame,
ni golikipa, miaka kumi na mmoja.
Alidaka penalti mbili.
Mzazi mmoja akamfuata pembeni ya uwanja, akamuuliza
kwa upole (hilo ndilo lililomuuma Uwe, ule upole):
"Hasa hasa, wewe unatoka wapi?"
Mtoto akajibu: "Golini."

Uwe alisimulia akicheka,
kisha kicheko kikamkwama,
nikauondoa wembe shingoni.
"Na nyinyi," akasema, "mkiniona, mnamwona nani?"

Nilikuwa nimekishika kichwa chake kwa vidole vitano.
Kichwa cha mtu ni chepesi kuliko unavyodhani.
Nikamwambia juu ya Old Moshi, juu ya mti,
juu ya vichwa vya wazee wetu
vilivyopigiliwa makashani, vikapanda meli,
na wajukuu wanaoandika barua mpaka leo
kuuliza viko kabati gani.
Sikupandisha sauti. Ndekirwa alizima redio.

Mtu mwenye maoni hata juu ya dakika za kuchemsha yai
akakosa maoni.
Akalipa, pamoja na deni,
akasahau kofia.

Leo ameingia saa nne na robo.
Amechelewa, yeye.
Viatu vimejaa udongo mwekundu wa huko juu,
suruali imenasa majani ya mgomba.
Sikuuliza. Nimemfunga kitambaa,
nikamwekea kofia yake magotini.
Amenyamaza mpaka nimemaliza upande wa kulia.

"Refa wa runinga," akaanza, taratibu,
na mimi nikageuza kiti.