Fundi Bati wa Pasua

Januari simu yangu hulala kifudifudi mezani,
haina cha kusema.
Vuli ilikuja, ikachungulia mlangoni, ikarudi ilikotoka.
Sasa mji mzima uko chini ya jua la saa saba
na hakuna anayekumbuka kwamba ana paa.
Vumbi la Mabogini halingoji gari,
linainuka lenyewe, linaingia ndani,
linakaa kwenye kochi kama shemeji.
Nakijwa anafuta televisheni asubuhi;
jioni mtoto anaandika jina lake juu ya kioo kwa kidole.

Mlima uko wazi, mweupe kileleni,
weupe kidogo uliobaki.
Nawapitia wateja mapema.
Mwalimu Elinsia, nipande nikague?
Anacheka, anajipepea kwa daftari la mwanafunzi.
"Fundi, wewe mvua unaiona wapi?"

Siioni. Nalisikia bati.
Mchana linatanuka, linasema ta.
Usiku wa manane linanywea, linasema ta.
Na kwa kila ta msumari unapanda
unene wa unywele.
Miaka kumi na tisa juu ya vichwa vya watu
imenifundisha hili tu:
mvua haitoboi bati.
Jua ndilo linalotoboa, polepole, kweupe, watu wakitazama.
Mvua huja baadaye
kusoma kilichoandikwa.

Machi, wiki ya tatu.
Harufu ya udongo inatangulia kutoka upande wa miwa.
Tone la kwanza linaanguka vumbini,
linajiviringisha kama kidonge.
La pili.
Halafu hapana tena kuhesabu.

Simu inaamka na wazimu.
Anaeli wa Majengo: kitandani, fundi, kitandani kabisa!
Saluni ya Soweto: maji yanashuka na waya wa taa.
Mwalimu Elinsia hacheki.
"Uko wapi?"
Niko njiani, nasema,
nami nimesimama chini ya kibaraza cha duka la mbegu,
ngazi begani, siendi mbele wala nyuma.
Bati lililolowa halipandiki.
Natandika turubai, naweka tofali juu ya turubai,
naondoka na hela kidogo
na aibu kidogo.

Aprili yote hivyo.
Mto Rau unaongea kwa sauti ya watu wengi.
Mlima umeondoka bila kuaga.

Na nyumbani, usiku,
beseni linasema to,
sufuria ya wali inasema ti,
ndoo ya rangi, kwa kuwa imeanza kujaa, haisemi sana.
Nakijwa anasogeza godoro.
Hasemi neno. Angesema ingekuwa afadhali.
Tumejibana watatu kwenye kona iliyo kavu,
mtoto anatazama juu, hana usingizi.
"Baba, tundu hili ni la lini?"
La Januari, mwanangu.
"Tulikuwa wapi?"
Tulikuwa hapa hapa. Tulikuwa tunalalamika joto.

Juni inaingia na sweta.
Wingu limekaa chini, halinyeshi, halitoki,
kipupwe kinapuliza vidole vya wauza mitumba Memorial,
na simu, taratibu, imerudi kulala kifudifudi.
Leo nimepanda juu ya nyumba yangu mwenyewe.
Nakijwa ameshika ngazi, bado hasemi.
Matundu nimehesabu ishirini na moja.
Misumari ninayo kumi na minne.
Vuli ni Novemba, namwambia,
muda upo.