Bafa

Nadonoa uzi wa tatu.
Kimya kidogo, upana wa kope,
kisha sauti inafika kwenye hedfoni
kama mdeni aliyepitia uchochoro wa nyuma.

Umoja, orofa ya nne, saa saba usiku.
Laptopu ya mtumba kutoka Luthuli inahema,
tumboni imebeba ampu nisiyoweza kuinunua:
valvu zisizo na joto,
spika isiyoshika vumbi.

Bafa mia tano na kumi na mbili. Naishusha nusu.
Naishusha tena. Nafunga kivinjari na vichupo vyake kumi na tisa,
nazima waifai, nachomeka chaja,
maana ikitegemea betri hujifanya mgonjwa.
Nang'oa na ule mwangwi wa kanisa niliouweka kwa majivuno.

Sitini na nne: kidole na sikio vyaonana,
lakini sauti inapasuka, bisi kwenye sufuria kavu.
Napanda ngazi moja. Mia na ishirini na nane.
Hapo. Ndoa ya mkeka, ila itashika.

Narudia mkato wa benga alionifunza mjomba Odeny.
Bado nauingia nimechelewa.
Basi si mashine.

Chini yangu Mama Kerubo hasikii gitaa,
anasikia kisigino changu tu, kikipapasa sakafu.
Anagonga dari kwa mpini wa ufagio,
ko, ko, ko-ko,
kwa hasira,
na barabara kwenye pigo.

Navua hedfoni.
Namfuata.