Taa ya Mashine ya Kusaga

Sikuzipenda hesabu, niseme mapema.
Nilimfuata Aikande.
Aikande alimfuata Ndelilio,
na Ndelilio aliifuata taa,
ile moja ya mashine ya kusaga, Pasua,
isiyozimwa usiku kwa kuogopa wezi.

Mama Materu alitupa magunia matupu tukalie.
Hakutuuliza tunasoma nini.
Alituuliza tumekula?

Ndelilio hakuwa na chaki.
Aliandika kwa kidole sakafuni, juu ya vumbi la unga:
eksi huku, saba kule.
“Kikivuka alama ya sawa,” alisema, “hubadilika.
Cha kujumlisha kinakuwa cha kutoa.
Usikionee huruma.”
Alfajiri mama alifagia vyote,
jioni tukaanza upya.

Darasani nilikuwa mtu mwingine.
Nyuma kule, anyooshaye mkono
hupigiwa mluzi: “Profesa! Profesa!”
Jibu nilikuwa nalo. Nililikalia,
kama mtu aliyekalia noti ya kuokota.
Mwalimu Lyatuu alinitazama viganja,
vyeupe kwenye mistari,
akapita.

Nyumbani, baba alisema
ukoo wetu hesabu hatuziwezi.
Alisema kwa upole,
kama anayegawa urithi.

Julai, baridi ya kuuma masikio,
akaja binamu yake Ndelilio kutoka Mererani,
pikipiki mpya, viatu vya kung’aa.
Hakubishana na yeyote kuhusu shule.
Alitununulia soda wote, akalipa,
wala hakusubiri chenji.

Nakumbuka hiyo chenji.
Nakumbuka tulivyonyamaza tukiitazama mezani.

Siku ya nne gunia lake lilikuwa wazi.
Aikande akashika kidole cha kuandikia,
akakosea, akafuta kwa kisigino,
akakosea tena.
Niliposema, “Hapana, hiyo ihamishie huku,”
nilisikia sauti yangu
ikiwa kubwa kuliko mashine.
Kesho yake, mbele ya miluzi, nilinyoosha mkono.
Sijui ulikuwa ujasiri au upweke.

Matokeo yalibandikwa ubaoni Januari.
Watu walisukumana kutafuta majina yao.
Mimi nilianzia chini, nikimtafuta yeye,
nikalipita langu bila kuliona.

Alikuwapo. Walishamsajili.
Mbele ya jina, mahali pa alama,
kistari kifupi tu,
kile kile cha kutoa.