Inua Kidole

Sikonge, msimu wa kuuza tumbaku,
nilimsomea Nyamizi mstari wa mke kutii.
Mumewe Kapaya, pesa zote zikiwa kwapani,
akaitikia amina kabla sijamaliza.
Nami sikukusudia kumaliza.

Kiangazi kikapita, na masika.
Nyamizi akaingia darasa la kisomo,
akasoma silabi kwa silabi,
kama mtu anayechuja nta kwenye asali.

Jumapili iliyopita akanijia na Biblia yake,
jalada likinuka moshi.
"Katekista, nionyeshe tena ule mstari."
Nikauonyesha.
"Sasa inua kidole."

Chini yake ilisubiri zamu ya mume,
maneno niliyoyajua tangu kipaimara.
Tukayasoma pamoja:
yeye kwa sauti,
mimi kwa silabi.